TAHADHARI: Jamaa anauza injini za Beetle "1600 ovahoo", ndani ni 1300 iliyokufa

Wakuu nimepigwa. Nilitaka nikae kimya maana aibu, na wale waliokuja kunisaidia kupandisha ile injini wanajua nilivyotamba siku ile, ila nimeona katupia tangazo lingine tena. Injini nyingine, rangi ileile ya silva, maneno yaleyale "AD 1600, imefunguliwa yote, haijatembea" (AD ni herufi za mwanzo za namba ya injini, 1600 ni ukubwa wake kwa cc), na chini yake watu wanauliza bei. Msiulize bei. Kimbieni.

Nilikuwa natafuta injini ya kuweka badala ya ile yangu ya zamani. Nilichokuwa nataka ni 1600 ya hedi za poti mbili (hedi ni vifuniko vya silinda, poti ni matundu yake ya kuingiza hewa), ile AD, iingie kwenye Volkswagen Beetle yangu bila kubadili chochote, bolti na nati nne tu, kabureta ya 34 PICT, basi. Jamaa akanifuata mwenyewe inbox. Hakuharakisha, hakusema kuna mteja mwingine anakuja jioni, zile janja za matapeli za kila siku hakutumia hata moja. Aliniuliza gari ni ya mwaka gani, akaniuliza flaiwili yangu (lile gurudumu zito linaloshika klachi) ni ya milimita 200 au ya 180 (maana klachi zinatofautiana), akaniambia kama ni ya 180 nisihangaike atanipa ya kwake. Sasa mtu anayekuuliza swali kama hilo utamshuku vipi? Tapeli wa kawaida hajui hata kama injini ya Beetle inakaa nyuma.

Nikaenda. Injini iko juu ya matairi mawili, imefunikwa kitambaa kisafi, betri pembeni, kidumu cha petroli kimening'inizwa kwenye msumari. Akavuta kitambaa. Jamani ilikuwa nzuri. Bati zote nyeusi mpyaa, blok silva, nati za egzosti mpya za shaba, mkanda wa feni mpya. Akawasha tochi ya simu akamulika chini ya stendi ya jenereta pale namba inapogongwa, nikasoma AD na tarakimu zake, akanambia piga picha kaka ukahakikishe mwenyewe. Nikapiga. Picha ninayo mpaka leo na nitawaambia baadaye ilikuwa na nini.

Halafu ndo akafanya kile kitu kilichonimaliza. Akafungua plagi ya silinda namba 1, akachukua kijiti cha plastiki akakitumbukiza kwenye tundu, akanipa MIMI spana nizungushe puli. Pistoni ikashuka mpaka chini, akaweka alama kwenye kijiti kwa kalamu. Nikazungusha ikapanda mpaka juu, akaweka alama nyingine. Akanipa kalipa (kile kipimo cha milimita) nipime mwenyewe. Ikaja milimita 70 na kitu kidogo. Akacheka akasema plagi imekaa kimshazari ndo maana inazidi kidogo, ukinyoosha hapo ni 69, na 69 ndo 1600, fungua kitabu. Nikafungua kitabu kwenye simu palepale, kweli, 1600 inasoma 85.5 kwa 69, yaani upana wa silinda kwa mwendo wa pistoni. Mikono yangu mwenyewe, spana mkononi mwangu, kalipa mkononi mwangu. Nani asingeamini hapo?

Sasa sikieni. 1300 nayo ni 69. 1500 nayo ni 69. Kati ya hizi ni 1200 peke yake ambayo pistoni inatembea 64. Kinachobadilika kwa hizo nyingine ni boa, yaani upana wa silinda: 1300 ni 77, 1500 ni 83, 1600 ni 85.5, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni ileile. Kwa hiyo kile kijiti chake kinathibitisha tu kwamba injini sio 1200, na yeye anajua, ndo maana anakifanya taratibu kwa madaha kama daktari. Na kabla hamjaanza kuniambia ungepima boa, utapimaje boa ya injini iliyofungwa? Mpaka utoe hedi. Hakuna muuzaji atakuruhusu utoe hedi ya injini "mpya" kwenye gereji yake. Na hedi za poti mbili usiniletee kama ushahidi, 1300 ya AB ya kuanzia 1970 nayo ina poti mbili, kwa nje zimefanana na bati zikishafunika huoni kitu.

Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) pia tulipima. Geji ilikuwa yangu, niliibeba kutoka nyumbani, kwa hiyo msiniambie nilienda mikono mitupu. Silinda zote nne sindano ilipita ba 8. Nikaona oili imelowesha ncha ya plagi, akanambia hiyo ni oili ya kufungia, injini imefungwa juzi. Inaingia akilini. Kumbe alishatumbukiza oili kwenye kila tundu kabla sijafika, ringi zilizochoka zikipata oili zinaziba kwa muda, geji inapanda. Hiyo hila mimi mwenyewe naitumiaga kinyume, unapima kavu halafu unaweka oili unapima tena ili ujue kama tatizo ni ringi au valvu! Najua kabisa. Ila ukishaambiwa injini imefungwa juzi, oili kwenye silinda ni kitu cha kawaida, huwezi kumhukumu mtu kwa hilo.

Akawasha. Ikashika mara moja. Moshi kidogo ukatoka, akasema ileile oili ya kufungia, ukaisha. Ikakaa sailensa (muungurumo wa chini bila kukanyaga mafuta) vizuri, haigongi, nikanyoosha mkono nishike puli nione kama krenki inacheza mbele nyuma, akaniwahi mkono "angalia mkubwa itakukata, ngoja nizime kwanza". Akazima. Akaanza kunionyesha kwenye simu picha za pistoni zikiwa kwenye boksi, za 85.5 zimeandikwa kabisa, beringi mpya, kamshafti mpya (shafti inayofungua valvu), risiti ya kuchonga. Habari ya puli ikapotea hapohapo na hakuiwasha tena, eti injini mpya haitakiwi kupata moto bila mzigo.

Nikalipa yote. Nikaongeza na hela ya usafiri, kwa shukrani.

Nyumbani ikaingia vizuri, wale waliokuwepo wanajua, jeki ikapanda, spline (meno ya shafti ya giaboksi) zikaingia bila kusukuma. Siku za mwanzo nikasema inazoea. Mlima inapanda kwa gia ya pili mahali ile ya zamani ilikuwa inapanda kwa ya tatu, nikasema inazoea. Halafu nikabadilisha oili, maana injini mpya oili ya kwanza unaimwaga mapema, na hapo ndo shetani akatoka. Oili ilitoka kama asali. Sio oili ya injini ile, ni ya gia au kachanganya na dawa ya kuziba mlio, sijui, ila ilikuwa inajivuta. Nikafungua na sahani ya chini, zile nati sita ndogo, nikatoa chujio, kwenye wavu kuna chenga zinang'aa, za shaba na za rangi ya blok. Nikasafisha nikaweka lita mbili na nusu za oili inayotakiwa, nikawasha, ikapata moto, ikaanza kugonga chini na taa ya oili ikawa inakonyeza kila ikikaa sailensa. Kumbe ule uzito wa oili ndo uliokuwa unashikilia kila kitu.

Nikashusha. Nikatoa hedi. Kalipa ikasoma 77.

Nilikaa chini pale sakafuni. Nikapima tena kwa sababu nilidhani kalipa imeharibika. 77. Wife akatoka kuuliza kuna nini nikasema hakuna kitu.

Kuendelea chini ni matusi matupu. Nyuma ya silinda namba 3, pale ambapo blok hizi hupasuka, kuna ufa umejazwa gundi ya chuma na kupakwa silva juu. Krenki ukisukuma puli inaingia na kutoka kwa sauti, geji ikasoma zaidi ya milimita 0.4 wakati mwisho wa kuvumilia ni 0.15. Nilipopasua blok, nyuma ya beringi kubwa ya kwanza kuna kipande cha kopo. Kopo. Kimekatwa kwa mkasi kikakunjwa kufuata beringi, na bado kina herufi nyekundu za kopo la rangi upande wa ndani. Huyu mtu alikaa chini, akachukua mkasi, akakata kopo, akalipanga, halafu akanifundisha MIMI habari za mshazari wa plagi.

Na ile namba. Nikafuta rangi kwa thina, nikamulika tochi kutoka ubavuni. Ile D ya AD ni B iliyogongewa juu. Amepitisha msasa kidogo, akagonga D, lakini kale kamstari ka katikati ya B kanaonekana bado, na D imekaa chini kidogo kuliko A. Nikarudi kwenye ile picha niliyopiga siku ile, nikaivuta iwe kubwa, kanaonekana na pale! Kapo! Chini ya rangi mbichi na mwanga wa tochi ya mbele nani angekaona.

Nikampigia. Kwanza alipokea, akasema injini ilitoka kwake inaimba, nimeiua mwenyewe kwa sababu mimi ni "fundi wa nyumbani". Nikamtumia picha ya kopo. Kimya. Sasa hivi napiga inaita inakatwa, picha yake ya wasifu kabadilisha kaweka mstari wa dini.

Huyu anatakiwa kulala ndani. Sio kurudishiwa hela tu, hela nitaidai kwa njia zake na karatasi zote zimeshaenda polisi, nazungumzia kulala ndani, maana kugonga namba ya injini juu ya namba nyingine sio biashara mbaya, ni kughushi, gari inaandikishwa kwa namba hiyo, ukisimamishwa barabarani namba imechezewa anayeulizwa ni wewe sio yeye. Na ukiwa mlimani na mama na watoto krenki ikajifunga je? Watu kama hawa wanyang'anywe spana, wanyang'anywe na rangi ya silva yenyewe. Mtu wa namna hii bora hata mwizi, mwizi anakuja usiku hakufundishi kitu.

Wengine wameniuliza inbox dalili ni zipi, naandika kwa haraka maana kichwa kinaniuma. Blok ikiwa imepakwa rangi mpaka pale penye namba, weka thina na kitambaa mfukoni, ukikatazwa kufuta ondoka. Shika puli injini ikiwa IMEZIMA, vuta sukuma, ukisikia tok, ondoka. Omba afungue sahani ya chujio mbele yako. Kompresheni uzungushe kwanza injini plagi zote zikiwa nje, oili ikiruka kwenye matundu unajua unacheza na nani. Na mtu aliyefunga kamshafti mpya na tapeti mpya kweli, yeye ndo atataka iungurume kama dakika 20 kwenye mzunguko wa 2000 hivi ili zizoeane, hawezi kuzima baada ya dakika mbili. Zile picha za pistoni kwenye boksi nazo, angalia sakafu: ya kwake ni saruji imejaa oili, kwenye picha ni vigae vyeupe. Kuna nyingine kuhusu hedi, valvu za 1300 ni ndogo, ila hiyo mpaka ufungue, sijui, nitaandika nikipata nguvu.

Na jamani Beetle ya mwisho ilitoka Puebla kule Mexico Julai 2003. Mtu akisema injini "haijatembea" muulize haijatembea tangu lini.

Mwenye picha za matangazo yake ya nyuma azihifadhi sasa hivi kabla hajafuta, asubuhi yalikuwa mengi saa hizi yamepungua, na anitumie. Kama na wewe alikuuzia, toa kichujio leo, usisubiri taa ikonyeze, halafu njoo inbox twende polisi tukiwa wengi. Na yule ndugu aliyeuliza bei ya ile injini mpya akaambiwa "njoo inbox kaka", kama unasoma hapa, usimtumie hata hela ya usafiri.