Palomino ya First Aid Kit: muziki mtamu, duka la ovyo

Sijui hata nitoe nyota ngapi maana hasira hazijaisha. Nimenunua santuri ya Palomino, albamu ya First Aid Kit ya 2022, wale dada wawili wa Sweden, Johanna na Klara Söderberg. Hawa nawafuatilia tangu wako msituni na gitaa tu wanaimba wimbo wa bendi ya Fleet Foxes YouTube.

Sasa utamu wote wa kundi hili ni zile sauti mbili. Klara anatangulia, Johanna anaingia, na kama umewahi kuimba kwaya unajua ndugu wa tumbo moja wakipanga sauti inakuwaje, hata pumzi wanavuta pamoja. Patti Smith mwenyewe, yule mwanamuziki mkongwe wa Marekani, alitokwa machozi walipomuimbia Stockholm 2011 kwenye tuzo ya muziki ya Polar Music Prize! Basi santuri niliyouziwa imepinda kama chapati, ikizunguka kwenye pleya inapanda inashuka, na sindano inaruka, tena inaruka wapi? Palepale Johanna anapoingia. Unamsikia Klara peke yake, halafu krrr, uko mstari mwingine.

Nikairudisha dukani, huku Ujerumani ninakoishi. Jamaa wa kaunta hata kuitoa kwenye gamba lake hajaitoa, eti pleya yangu ndiyo mbovu. Nikamwambia sawa, iweke kwenye pleya yenu hapo nyuma tusikilize wote, akageukia simu yake akaanza kuchati. Mbele ya wateja wengine! Mtu mzima nimesimama pale na risiti mkononi.

Albamu yenyewe mara ya kwanza niliona dramu na vinanda vimezidi, mimi nawapenda gitaa likiwa mbele kama kwenye wimbo wao wa zamani Emmylou, nikataka kuandika hapa kwamba wamejiharibia. Lakini usiku ule kwa hasira nikaisikiliza yote kwenye simu na jamani ni tamu, hizo dramu hazizibi sauti hata kidogo, wamerudi kurekodi kwao Sweden, kitu ambacho hawakufanya tangu albamu ya kwanza, na unasikia kabisa wako nyumbani. Nyota tano kwa hawa dada, sibishani na mtu. Na ndiyo maana hilo duka nalichukia zaidi, wameniuzia kitu kizuri hivi kimeharibika.

Sasa eti wananipa vocha nichague kingine. Sitaki kingine! Nataka Palomino isiyopinda au hela yangu yote taslimu.