Jumamosi za kuchora ramani Dar es Salaam: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nafundisha Jiografia sekondari. Kila mwaka vijana wangu husoma ramani za 1:50,000, hupima barabara kwa uzi, hutaja kontua na miinuko, na mitihani wanafaulu. Lakini mwambie mmoja akuchoree njia ya kutoka kwao hadi shuleni: atakupa mistari miwili na kibanda. Jambo hilo lilinikera muda mrefu, na ndilo lililonipeleka kwenye mikutano ya wapenda ramani inayofanyika Jumamosi hapa jijini.

Kiingilio hakuna. Siku yangu ya kwanza niliwakuta wanafunzi wa mipango miji, watengeneza programu, dada mmoja anayeshughulika na miradi ya maji, na kijana wa bodaboda anayezijua njia kuliko sisi wote. Tunachangia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea na kuitumia bure. Unafungua akaunti, unapewa kipande cha picha ya setilaiti, unachora bati moja baada ya jingine. Kufikia mchana nilikuwa nimechora kijiji ambacho sijawahi kukanyaga.

Mikutano ya kukaa ukumbini tu naiona ya wastani. Intaneti ya ukumbi hukatika, kila mtu anaishia kutumia bando lake. Mgeni anafundishwa harakaharaka kisha anaachwa. Nilichora mtaa mzima bila kujua kwamba picha niliyoifuata ilikuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali penyewe, na hakuna aliyeihakiki kazi yangu hadi wiki ya tatu. Ilibidi nyumba zote zisogezwe upya. Isitoshe, uswahilini nyumba zimebanana: bati unaloliona moja huku juu, huenda chini yake wanaishi watu wa nyumba tatu.

Siku tuliyotoka kwenda Tandale, kando ya Mto Ng'ombe, ndiyo iliyonifanya nisiache tena. Tandale si ngeni kwa kazi hii. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukazifikia kata nyingi za jiji zinazokumbwa na mafuriko. Lakini mtaa haukai ulivyo. Watu wanajenga, vichochoro vinazibwa, mitaro inahama.

Tulianzia ofisi ya serikali ya mtaa, kama inavyopasa, tukapewa mjumbe atutembeze, mama wa makamo. Tulipomwamkia aliitikia, "Marahaba wanangu," kisha akauliza palepale, "Mmekuja kupima mtuvunjie?" Swali hilo tuliulizwa karibu kila mlango, na wana haki ya kuuliza, Dar es Salaam watu wameshaona alama ya X ikipakwa ukutani. Kiongozi wetu aliwaonyesha ramani kwenye simu, akaeleza itatumika kwa nini na nani ataiona, wala hakuharakisha. Hapo nampa sifa zote.

Kisha mama akatuonyesha maji. Hakutaja mita. Alisimama mbele ya kila nyumba akaweka mkono mwilini: hapa yalifika gotini, pale kiunoni, kwa yule jirani kifuani. Tukaandika hivyohivyo, kifundo, goti, kiuno, kifua, kila kipimo na mahali pake. Miaka yote nimefundisha mafuriko kwa mifano ya mito ya mbali, na huyu mama alikuwa na somo zima mwilini mwake, umbali wa nauli moja ya daladala.

Ubishi mkubwa uliibuka jioni tulipokuwa tunaingiza data. Genge utaliandikaje? Orodha ya aina za maduka ina duka la mboga na matunda, lakini genge ni meza, mara lipo, mara halipo, na lina nyanya, mkaa na mafuta ya kupima. Na mama lishe anayepika chini ya mwembe, ni mgahawa? Tulibishana saa nzima na nilifurahia kila dakika, kwa sababu tulikuwa tunaamua jiji letu lionekane vipi.

Ningeomba waandaaji jambo moja: kila mgeni apewe mtu wa kumhakikia siku hiyohiyo. Na Jumamosi za kutembea ziongezwe, kwa sasa ni chache mno.

Siku hizi naenda na wanafunzi sita, kwa ruhusa ya wazazi. Mwezi uliopita mmoja wao, mkazi wa Tandale kwa Mtogole, aliangalia njia niliyokuwa nimeichora kwa setilaiti akanambia, "Mwalimu, hapa hapapitiki, wamejenga ukuta." Nikampa kompyuta aifute mwenyewe.