Mega yako inasema kweli? Maabara ya Dar au kisanduku cha rezista hapa Mtwara

Fundi umeme wa Mtwara anaweza kupeleka mega yake, yaani kifaa cha kupimia waya wa ethi na insulesheni (ganda la waya), Dar es Salaam, kwenye maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Inarudi na cheti kinachoonyesha imekosea kiasi gani katika kila kiwango, na mkaguzi anakiheshimu. Lakini safari inazidi kilomita 500, na kifaa kikiwa huko kazi imesimama.

Njia nyingine ni kisanduku cha rezista, vipande vinavyozuia umeme, za thamani inayojulikana kwa ohmu: ohmu 1 kwa waya wa ethi, megaohmu 1 kwa insulesheni. Unapima, unaandika daftarini na tarehe. Hiyo megaohmu 1 ndiyo kiwango cha chini kwa saketi ya volti 230 inayopimwa kwa volti 500. Kifaa kikizidisha hapo, nyumba yenye waya mbovu inapita ukaguzi. Hakikisha tu rezista inahimili hizo volti 500, maana nyingi ndogo za redio hazihimili.

Kwa kazi za kila siku nachagua kisanduku, hasa Shangani na Mikindani, ambako chumvi ya bahari hula ncha za waya za kupimia na ohmu 1 ikasomeka 1.4. Cheti kinaeleza kifaa kilivyokuwa siku ya kupimwa. Kikidondoka kwenye bodaboda kesho yake, cheti hakibadiliki. Ila rezista zenyewe lazima zithibitishwe maabara kwanza, kwa hiyo Dar utaenda tu.