TAHADHARI: Muuzaji wa modeli za magari ya Safari Rally na "rangi za Tamiya" anatuibia

Wenzangu mnaounda vigari vya 1/24 (vidogo mara 24 kuliko gari halisi), tafadhali someni hadi mwisho kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna muuzaji anayezunguka katika makundi ya WhatsApp ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, akitangaza seti za zamani (maboksi ya vipande vya kujiunganishia) za magari ya Safari pamoja na chupa za rangi. Mimi alinichukulia shilingi 11,300. Kilichoniuma kupita pesa ni kwamba rangi yake iliniharibia bodi niliyoihangaikia kwa wiki sita. Jina la ukurasa wake silitaji, maana amelibadilisha mara mbili na ripoti iko polisi. Mtamjua kwa mbinu zake, nazo ni hizi.

Nilikuwa natafuta Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z tena. Baba yangu alikuwa mvulana wakati huo, akasimama kando ya barabara ya vumbi kuwaona wakipita. Hadi leo ukimuuliza atakueleza ule wekundu na boneti nyeusi isiyong'aa. Nilitaka kumjengea gari lile angali hai na macho yake yangali yanaona. Kampuni ya Hasegawa ya Japani iliwahi kutoa seti ya gari hilo la 1971, lakini dukani kwetu huipati. Kwa hiyo nilipoona tangazo, "imebaki moja tu, haijaguswa", sikulala.

Seti ilikuwa 7,000, na chupa tatu za rangi 1,500. Akataka nusu kwanza. Baada ya wiki akasema mzigo umefika na umekwama forodhani, nimalizie nusu iliyobaki na niongeze 2,800 za ushuru, nizitume kwa namba nyingine yenye jina la mtu mwingine kabisa. Nikatuma. Ndugu zangu, ushuru wa forodha hulipwa serikalini na una risiti. Hauingii kwenye simu ya mtu.

Alinipa pia namba ya kufuatilia mzigo, eti ya EMS, posta ya haraka, kutoka Japani. Kila nilipoitafuta ilikuwa "haijapatikana", naye akanituliza kwamba mtandao wa posta unachelewa. Baadaye ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingeniokoa. Namba ya mzigo wa posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, na ya Japani huishia na JP. Ile tarakimu ya tisa haiwekwi kwa kubahatisha. Chukua nane za mwanzo, uzizidishe moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, ujumlishe, ugawanye kwa 11, kisha utoe baki kutoka 11. Ukipata 10 weka 0, ukipata 11 weka 5. Kwa mfano, 12345678 inatoa jumla ya 204, baki ni 6, basi ya tisa lazima iwe 5. Namba aliyonipa haikukubali. Alikuwa ameitunga.

Boksi likaja kwa ofisi ya vifurushi ya matatu, na stakabadhi yake ilionyesha limetumwa kutoka humu humu nchini. Kifuniko kilikuwa karatasi iliyochapishwa na kubandikwa juu ya boksi la kitu kingine. Ndani hamkuwa na fremu hata moja. Mnajua seti ya kiwandani inavyokuwa: vipande vimeshikana na fremu, fremu ina herufi yake, kila kipande kina namba pembeni, na vioo viko kwenye mfuko wao. Mimi nilikuta vipande vya rezini (kimiminika kinachomiminwa kwenye kalibu kikagandia humo) vimemwagwa pamoja kwenye mfuko mmoja wa nailoni, vingine bado vina vigogo vya mahali rezini ilipomiminwa. Paa lilikuwa na vitobo vya mapovu upande wa kushoto, vitatu vikubwa na vingine vidogo vidogo. Gari halisi lina milimita 2,305 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo kwenye 1/24 inatakiwa iwe milimita 96. Nilipima nikapata 94. Mtu alichukua modeli ya Hasegawa, akaifanyia kalibu, akamimina nakala, na pengine nakala ya nakala, maana rezini hupungua kidogo kila mara inapoganda.

Sisemi rezini ni mbaya. Wako mafundi wanaochonga modeli zao wenyewe na kuziuza kama rezini, kwa jina lao, na kazi yao ni nzuri mno. Huyu ameiba kazi ya mtu na kuiuza kama ya kiwandani. Ukitilia shaka, kwangua kidogo mahali pasipoonekana: plastiki ya kiwandani hutoa maranda yanayojikunja, rezini hutoa unga. Na unga huo usiuvute. Vaa barakoa na upige msasa kwa maji.

Stika za maji nazo zilikuwa za printa ya kawaida ya ofisini. Printa hiyo haina wino mweupe, kwa hiyo kila palipotakiwa kuwa peupe, kama mahali panapokaa namba 11 mlangoni, palikuwa patupu, ukibandika unaona wekundu wa bodi chini yake. Nilipozitia majini wino ukaanza kuchuja kabla stika haijaachana na karatasi.

Sasa rangi, na hapa nawaomba mnisikilize sana, kwa kuwa seti mbovu utaiweka kando lakini rangi hii itaingia kwenye kazi yako nyingine. Chupa ni za Tamiya kweli, kampuni ya Japani ya modeli na rangi, zile za kioo za mililita 10: X-7 (nyekundu), XF-1 (nyeusi isiyong'aa) na X-22 (ya kung'arisha, haina rangi). Kilichomo ndani si cha Tamiya. Naamini anakusanya chupa tupu na kuzijaza rangi ya gereji. Nilikuwa na bodi ya Morris Mini Cooper ya Tamiya, nimeshaitoa mistari ya kalibu, nimeipiga msasa namba 1000, nangoja nyekundu tu. Niliiamini lebo nikapuliza. Muda si mrefu uso ukaanza kukunjamana, mistari ya milango ikalainika ikafunga, na asubuhi bodi nzima ilikuwa na nyufa kama tope la dimbwi lililokauka. Thina kali ya magari hula polistirini, yaani plastiki ya modeli hizi. Fundi anaweza kutumia rangi ya gereji kwenye modeli akitanguliza praima (rangi ya msingi) inayofaa na kupuliza tabaka nyepesi, lakini lazima ajue anachotumia. Mimi nilinyimwa hata kujua.

Rangi halisi ya Tamiya ya X na XF, ambayo ni akriliki, ikiwa bado mbichi, huoshwa kwenye brashi kwa maji, na harufu yake ni ya spiriti. Ile ilinuka kama karakana ya kupiga magari rangi, na ilipokutana na maji ikaganda vipande vipande. Kwa hiyo chupa yoyote unayonunua mkononi mwa mtu, ijaribu kwanza kwenye tone la maji, halafu kwenye kijiko cha plastiki au kipande cha fremu, na ungoje usiku mzima.

Mwenzetu wa Nakuru aliuziwa makopo ya kupuliza. Muuzaji yule alikuwa amebandika karatasi ya bei juu ya msimbo wa rangi. Ilipobanduliwa ikaonekana PS. Rangi za PS ni za bodi za polikaboneti, za vigari vya rimoti. Kwa modeli zetu ni TS. Ukipuliza PS kwenye polistirini utaiharibu. Isitoshe, alimwahidi kwamba makopo yanatoka Japani kwa posta ya ndege ndani ya siku tatu. Makopo ya kupuliza yana gesi inayowaka na hayapokelewi kwenye posta ya kawaida ya ndege, kwa hiyo ahadi hiyo peke yake yatosha kumkimbia mtu.

Akikwambia seti anayo mkononi, mwombe afungue boksi, atoe fremu zote, aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo juu yake, apige picha. Mimi nilimwomba akajibu kwamba kufungua kunashusha thamani. Seti nyingi za Kijapani kifuniko chake huinuliwa tu, haziharibiki kwa kutazamwa. Picha alizonitumia nilizikuta baadaye kwenye tangazo la zamani la mnada wa ng'ambo, na kivuli ni kile kile cha dirishani.

Kuhusu pesa, nilipeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, siku iliyofuata baada ya kufungua boksi. Nikaambiwa zimeshatolewa. Nyinyi mkishtuka, pelekeni saa ile ile, kisha mwende kituoni mkaandikishe na mpewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).

Afisa anayeshughulikia ripoti yangu anataka walalamishi wengine. Kama una paa la 240Z lenye vitobo upande wa kushoto, au chupa ya X-7 inayonuka thina, usitupe chochote kwa hasira. Hifadhi boksi, stakabadhi ya matatu na ujumbe wa malipo, uniandikie pembeni, nikupe namba yangu ya OB uitaje utakapoandikisha yako.