Gari lisilozimwa: nilivyowapiga picha korongo wa Ruaha

Kampuni iliyonikodishia gari pale Iringa mjini siitaji. Ila kama unakwenda Hifadhi ya Ruaha kwa ajili ya ndege, kabla hujatoa hela uliza: gari likizimwa, linawaka?

Ilikuwa kiangazi, mto Ruaha Mkuu umebaki madimbwi. Kwa sisi wa kamera huo ndio msimu wenyewe, samaki wamebanana na korongo wamejaa. (Mto huu ulikuwa haukatiki. Tangu miaka ya 1990 unakauka karibu kila kiangazi, maji mengi yanaishia mashambani huko juu Usangu. Nalo linaniuma, lakini leo nina hasira nyingine.)

Mbele yetu kasimama korongo Goliath, mkubwa kuliko korongo wote wa jamii yake duniani, kimo karibu mita 1.5, kichwa na shingo rangi ya kutu. Ndege huyu hana haraka. Anaganda hapo, anaganda, halafu mdomo chubwi! Ukimtaka, na wewe ugande. Mimi lenzi nimeiegemeza dirishani, gari liko silensa, limesimama injini inawaka, linatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Kaka, naomba uzime," nikamwambia dereva.

"Haiwezekani, dada."

Nikaomba tena. Akajibu bila hata kugeuka: "Hela yote hiyo umelipa kuja kuangalia ndege? Wenzako wako kwa simba."

Korongo akadaka kambare, tena kambare wa kueleweka. Picha ninazo: ukungu mtupu.

Kumbe selfu, ile mota ya kuwashia gari, mbovu, na ofisini wanajua! Hifadhini hushuki kwenye gari ovyo, sasa angesukuma nani, tembo? Dereva wa watu alikuwa na hofu yake, akaifunika kwa ujeuri. Na jicho analo, nisimdhulumu. Yule Goliath ni yeye aliyemwona, mimi niliona kisiki. Yangeyange alinitofautishia kwa vidole tu, wadogo vya njano, wakubwa vyeusi. Kwa hayo nikasema basi, nyota tatu, yaishe.

Nikapita ofisini kudai angalau nirudishiwe kidogo. Mama wa mapokezi akanitazama: "Lakini ndege si umewaona, dada?"

Nyota moja. Hiyo nayo ni ya dereva, wao wasiiguse. Na hela yangu bado naidai.