Mirija ya kukinga miche kando ya mto: inafaa wapi, inaharibu wapi

Mirija hii ya plastiki, inayovishwa mche mchanga ili wanyama wasiule, iliyobuniwa Uingereza na Graham Tuley mwaka 1979, ndiyo huagizwa kwanza watu wanapotaka kurudisha msitu wa kingo za mto katika nchi zenye majira ya baridi. Kwa mialoni iliyopandwa sehemu ya juu ya uwanda wa mafuriko, inastahili bei yake. Kwa mierebi ni pesa za bure: kijiti kibichi kilichokatwa miti ikiwa imepukutisha majani, kikizamishwa theluthi mbili kwenye udongo wa majimaji, huchipua chenyewe.

Urefu wa mrija hutegemea mnyama anayekula miche. Sentimita 60 hutosha kwa sungura. Kulungu wadogo wanadai mita 1.2, wakubwa mita 1.5 hadi 1.8. Penye biva, mnyama wa mtoni anayetafuna na kuangusha miti, mrija si kinga kabisa. Hapo zungushia wavu wa chuma.

Nunua yenye matundu ya hewa, hata kama ni ghali kidogo. Ndani ya isiyo na matundu joto hujikusanya, mche ukaendelea kurefuka badala ya kukomaa kabla ya baridi, na jalidi ya kwanza ikaua ncha yake.

Kigingi cha kuushikilia mrija kiwe kifupi kuuliko, la sivyo shina litasuguliwa kila upepo ukivuma. Kitako cha mrija kididimize sentimita 3 hadi 5 ardhini. Ukiacha upenyo, panya wa shambani ataingia na kubambua gome pande zote. Juu valisha wavu mwepesi ili ndege wasinase, na uuvue mara tu chipukizi linapofika mdomoni.

Udhaifu wake mkubwa ni mafuriko. Matawi na nyasi hunasa kwenye mrija, kigingi kinalala, tope linajaa ndani na kuzika shina. Mingine huchukuliwa na maji, na hapo mradi wa kutunza mto umeuchafua mto. Kwa hiyo kila maji yakipungua, kagua mstari mzima.

Shina likifika unene wa sentimita 5 hivi, ondoa mrija. Mrija ulioachwa hushika unyevu na kuozesha gome, kisha jua huipasua plastiki vipandevipande. Ile inayouzwa kwa jina la "inayooza" isikudanganye: mingi huhitaji joto la mtambo wa mboji, ambalo ukingo wa mto baridi hauna.

Na kabla ya kuinua mrija wakati wa kiangazi, ugonge kwanza. Nyigu hupenda kujenga humo.