Uzoefu wangu na rEFInd: menyu ya kuwashia kompyuta ambayo hata mama anaielewa

Niseme mapema: kwa kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, rEFInd ndiyo menyu ya kuwashia ninayoipendekeza, na sababu yangu kubwa ni sura yake. Sizungumzii urembo wa kuringishia. Nataka mtu akikaa mbele ya skrini ajue achague nini bila kuuliza.

Kompyuta yetu ya nyumbani ina mifumo endeshi miwili. Windows ni ya mama, ndimo ilimo programu anayowekea hesabu za duka. Linux Mint tunaitumia mimi na wadogo zangu kwa masomo. Zamani ukiwasha ulikuwa unakutana na GRUB, menyu ya kuwashia iliyokuja na Linux, orodha ya maandishi membamba kwenye skrini nyeusi, na mama alikuwa ananiita kila akitaka kufunga hesabu za siku. Mtu aliyeendesha duka miaka yote hiyo hapaswi kumngoja mwanawe ndipo afungue daftari lake.

GRUB nayo inapambika, tusiionee. Unaweka picha ya nyuma kwa GRUB_BACKGROUND au mandhari kamili kwa GRUB_THEME ndani ya /etc/default/grub, kisha unaendesha sudo update-grub. Ila ukitaka herufi kubwa inabidi uitengeneze fonti upya kwa grub-mkfont iwe faili la .pf2. Na ukishamaliza yote hayo, kwa kawaida bado unabaki na orodha ya maneno: "Windows Boot Manager (on /dev/sda1)". Mama hana habari na /dev/sda1, jina la kipande cha diski, wala hana haja nayo.

rEFInd inatumia picha. Aliyeianzisha ni Roderick W. Smith, mwaka 2012, akiiendeleza kutoka programu ya zamani iliyoitwa rEFIt. Kwenye Mint au Ubuntu unaipata kwa sudo apt install refind, nayo inajiweka kwenye patisheni ya EFI, kile kipande cha diski chenye faili za kuwashia. Mipangilio yote imo kwenye faili moja, /boot/efi/EFI/refind/refind.conf, lenye maelezo marefu ya kila kipengele. Unahariri, unahifadhi, unawasha upya, basi. Faili linasomwa kila kompyuta inapowaka, kwa hiyo hakuna amri nyingine ya kukumbuka.

Ukiiacha ilivyo, inaonyesha ikoni kubwa za mifumo juu ya rangi ya kijivu na chini yake ikoni ndogo za kuzima, kuwasha upya na kadhalika. Tatizo ni kwamba inaonyesha kila inachokiona. Linux inaweza kutokea mara mbili, kwa sababu rEFInd inaiona kaneli (kiini cha Linux) na inaiona GRUB pia. Dawa ya haraka ni kusimama juu ya ikoni usiyoitaka na kubonyeza Delete. Mimi nilitaka usafi zaidi, nikaandika orodha yangu mwenyewe mwishoni mwa faili:

scanfor manual,external
timeout 0
big_icon_size 256
hideui label,hints

menuentry "Duka" {
    icon /EFI/refind/nyumbani/duka.png
    loader /EFI/Microsoft/Boot/bootmgfw.efi
}

menuentry "Masomo" {
    icon /EFI/refind/nyumbani/masomo.png
    loader /EFI/ubuntu/grubx64.efi
}

Folda la Mint kwenye patisheni hiyo linaitwa ubuntu, usishangae. Neno manual linaiambia itumie orodha niliyoiandika mwenyewe, na external nimeliacha makusudi ili flashi yenye mfumo wa kusakinisha ikichomekwa ionekane. Timeout 0 maana yake menyu inangoja mpaka mtu achague. Iliyokuja na faili ni sekunde 20, na kwa mtu anayetafuta miwani yake sekunde 20 si kitu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni ikoni zenyewe. Nilizichora kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, zikawa PNG za pikseli 256 kwa 256 zenye mandhari-nyuma wazi: kibanda cha duka na chini yake neno DUKA, kitabu na chini yake neno MASOMO. Neno limo ndani ya picha, kwa sababu maelezo ambayo rEFInd huandika chini ya ikoni ni ya Kiingereza. Ndiyo maana ya ule mstari wa hideui: unaficha maelezo hayo pamoja na maelekezo ya vitufe. Kwa picha ya nyuma kuna kipengele cha banner ndani ya refind.conf, na hapa pana kitu kizuri: picha isipojaza skrini, sehemu iliyobaki inapakwa rangi ya pikseli ya kona ya juu kushoto ya picha hiyo. Nimeweka picha ndogo ya rangi moja, kijani kizito, skrini nzima ikawa kijani, na ikoni nyeupe zinaonekana hata kwa mtu aliye mlangoni.

Kwa kuwa Mint bado inapitia GRUB, nimeinyamazisha kwa GRUB_TIMEOUT=0 na GRUB_DISABLE_OS_PROBER=true, kisha update-grub. Sasa mama anasogeza mshale, anabonyeza Enter, anaingia kwenye hesabu zake. Haniiti tena kwa jambo hilo.

Kuna ya kuangalia kabla hujaanza. rEFInd ni ya kompyuta zenye UEFI tu, yaani programu ya msingi ya kisasa inayoiwasha kompyuta. Ukiwa ndani ya Linux tazama kama folda la /sys/firmware/efi lipo. Kama halipo, mfumo wako umewashwa kwa njia ya zamani ya BIOS, pamba GRUB tu. Secure Boot, ulinzi unaozuia programu za kuwashia zisizo na saini inayokubalika, ikiwa imewashwa utakuwa na hatua za ziada za shim (programu ndogo yenye saini hiyo) na funguo, zisome vizuri kwanza. Tunza nakala ya refind.conf, na ujue kitufe cha kompyuta yako cha kuchagua pa kuwashia, maana hapo ndipo pa kupitia faili likivurugika.

Picha ya menyu yako unaipiga kwa F10, inahifadhiwa kwenye patisheni ileile ya EFI. Na siku ukikuta sasisho la mfumo limerudisha mpangilio wa zamani wa kuwasha, ingia Linux uandike sudo refind-mkdefault, menyu yako inarudi mbele.